Wala Hatujapata Kuachana

Mwaka niliomaliza kujifunza kupiga taipu nilipata kazi kwa mthibitishaji wa hati, katika chumba kimoja cha chini huko Vuga, Unguja, chenye dirisha la nondo linalotazama uchochoro. Nilikuwa na miaka ishirini, na kila kitu kilinichekesha. Kicheko kilinikaa karibu na koo, kikiguswa kidogo tu kinatoka. Bwana wangu wa kazi alikuwa mtu mzima, mwembamba, kofia ya viua imekaa sawasawa kichwani, na koti havui hata jua liwe kali namna gani. Siku ya kwanza, kabla hata sijakaa kitini, aliniambia:

"Bi mdogo, hapa watu wanakuja kuapa. Mtu anayeapa hachekwi."

"Naam," nikamjibu, nikauma mdomo.

Mjini walimwita Bwana Muhuri. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu anakuja na maneno yake, mimi nayapiga taipu. Bwana Muhuri anamsomea pole pole, anamwuliza kama ameyafahamu, kama hakulazimishwa na mtu, na kama yeye ndiye yeye kweli. Kisha mtu anatia udhu kwa birika lililokuwa uani, anaweka mkono juu ya msahafu, anaapa, anatia saini au kidole gumba, na muhuri unashuka juu ya karatasi, pah! Wakristo walikuwa na Biblia yao kwenye rafu ileile, imefungwa kwa kitambaa cheupe, na adabu ilikuwa moja.

Watu wengi walidhani kazi yake ni kujua ukweli. Walimletea mashauri ya mbuzi na ya mipaka ya viambaza, wakangoja awaamulie.

"Mimi si hakimu," alikuwa akisema. "Sijui kama ulizaliwa Jumanne au Ijumaa. Ninachokijua ni kwamba umesimama mbele yangu, ni wewe, una akili zako, na umeapa kuwa ni Jumanne. Yaliyobaki ni baina yako na Mola wako."

Wiki ya kwanza alikuja mtu na jirani yake, akataka jirani ndiye atie saini, kwa sababu ana mkono mzuri zaidi. Wiki ya pili akaja kijana mmoja na barua ya mapenzi, akaomba ipigwe muhuri ili baba wa msichana aamini kwamba hafanyi mchezo. Bwana Muhuri aliisoma barua ile toka mwanzo hadi mwisho bila ya uso kutikisika, akamrudishia, akamwambia, "Mwanangu, haya siwezi kuyathibitisha. Lakini sahihisha hapo uliposema macho yake ni kama taa za gari. Baba mtu hatapenda." Mie nilikuwa nshainama chini ya meza natafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Basi ndipo wakaja wale wazee wawili.

Ilikuwa miaka ile majumba ya Michenzani yanaanza kupanda, na vibanda vya Ng'ambo vilivyokuwa njiani vinavunjwa. Wenye vibanda waliahidiwa kupewa nyumba za ghorofa. Bwana na bibi hawa, watu wa Tumbatu kwa asili lakini wakaazi wa Ng'ambo kwa miaka mingi, kibanda chao kilikuwa kimeshatiwa alama ya chokaa. Karani wa nyumba aliwaambia nyumba hutolewa kwa familia, kwa hivyo walete cheti cha ndoa. Cheti hawakuwa nacho. Walioana kisiwani kwao zamani, mbele ya sheikh na mashahidi, na siku hizo hakuna aliyefikiria karatasi. Karani akawaelekeza kwetu waape.

Bwana alikuwa mrefu, kanzu imepigwa pasi, ametia mafuta mazuri. Bibi alikuwa mfupi, mnene kiasi, macho maangavu ndani ya buibui. Niliwaamkia, "Shikamooni," wakaitikia, "Marahaba," kwa pamoja kama walioambizana. Nikawapenda palepale. Nikapiga taipu hati yao kwa mfano wa hati nyingine kama hiyo, Bwana Muhuri akaanza kuwasomea. Majina, sawa. Walizaliwa wapi, sawa. Wana binti mmoja, ameolewa Tanga, sawa. Bwana alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno kama anayesikiliza kasida.

"Na kwamba tangu tulipooana," akasoma Bwana Muhuri, "tumeishi pamoja kama mume na mke, wala hatujapata kuachana."

"Naam," akasema bwana.

Bibi alikuwa ameutazama msahafu uliokuwa juu ya meza.

"Hapo pa mwisho, mwanangu," akasema, "hebu pasome tena."

Bwana Muhuri akasoma tena.

"Hapo siwezi kuapa," akasema bibi.

Mume aligeuka akamtazama kana kwamba kiti kimesema. "Huwezi kuapa nini?"

"Hapo pa hatujapata kuachana. Si uliniacha wewe."

"Mie? Lini?"

"Mwaka ule uliokwenda Pemba kwenye karafuu. Asubuhi ile ile unafunga mkoba. Ukanambia, bibi wee, nimekuacha talaka moja. Kwa sababu nilimpa mama samaki wako."

Mzee wa watu alishika kichwa. Ilikuwa dhahiri anakumbuka, na dhahiri vilevile kwamba hakulitarajia jambo hilo limfuate mpaka Vuga. "Lakini bibi, samaki yule alikuwa changu!"

"Hakuwa changu wala chako," akasema bibi. "Alikuwa nguru."

Hapo nilikwenda chini ya meza moja kwa moja.

Nilipoibuka, machozi yananitoka, walikuwa wamefika kwenye rejea. Bwana alisema hakuwa amemwacha mkewe kikweli; hasira zilipomtoka tu, akiwa bado huko Pemba na eda haijesha, alitamka mbele ya wachumaji wenzake kwamba amemrejea, akamtuma rafiki yake mmoja mwenye chongo aje Unguja amwambie.

"Alikuja," akasema bibi. "Aliniletea kikapu cha embe."

"Na akakwambia nini?"

"Akanambia, bwana anakusalimu, na embe hizi."

"Na neno la kurejea?"

"Labda alilila njiani pamoja na embe."

"Mtume!" akasema mzee.

"Kisha ukaja mwenyewe, karafuu zimekwisha na eda yangu imekwisha zamani," akaendelea bibi, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ukavua viatu mlangoni, ukauliza, kuna chai? Mtoto akakukimbilia. Nikakupa chai. Nikangoja useme, hukusema. Nikaona haya kuuliza. Siku zikenda. Mie mwenyewe nikawa nshasahau, walahi, isipokuwa mara moja moja. Lakini leo nimewekewa msahafu mbele yangu, siwezi."

Mzee alimgeukia mkewe, akasema kwa upole, "Miaka yote hii ulikuwa na jambo hili moyoni, na ukinipikia?"

"Na nikikufulia."

Bwana alitaka mstari ule ufutwe, waape yaliyobaki. Bwana Muhuri akakataa. Karani wa nyumba alikuwa ameutaka mstari huo waziwazi, na hata asingeutaka, alisema, hawezi kumwapisha mtu kwenye jambo analolitilia shaka. "Nendeni kwa kadhi. Bi mdogo atakupelekeni." Kisha akasimama, akasema anakwenda kunywa maji, akatoka uani. Kupitia mlangoni niliyaona mabega ya koti lake yanatikisika, na mkono mmoja umeshikilia ukuta.

Njia ya kutoka Vuga kwenda kwa kadhi si ndefu, lakini siku ile ilitushinda. Tulipotoka tu nje bibi alishusha ukaya, akajifunika uso.

"Unajifunikia nani?" akauliza mumewe.

"Wewe. Sijui kama wewe maharimu yangu. Tangulia mbele."

"Bibi!"

"Tangulia mbele, bwana. Watu watatuonaje?"

Akatangulia. Tukenda hivyo, yeye mbele na kanzu yake ya pasi, akigeuka kila hatua kadhaa kutazama kama tupo, na bibi nyuma amenishika mkono, akiniambia kwa sauti ya kusikika, "Usimtazame mwanamme wa watu, mwanangu, tazama chini." Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa pembe ya buibui langu na bado watu mabarazani walisimama kunitazama.

Kadhi alikuwa mzee mwenye uso mkunjufu. Aliwasikiliza wote wawili, akauliza kuhusu wale wachumaji wa karafuu walioisikia rejea. Wote walikuwa wamekwishatangulia mbele ya haki. Akauliza kuhusu mwenye chongo. Naye pia.

"Mimi naona rejea ilitimia," akasema kadhi. "Ni haki ya mume, naye aliitamka ndani ya eda. Haingoji tarishi afike. Ndoa yenu ni sahihi."

Mzee alipumua kama aliyetua gunia.

"Ni sahihi kwake, sheikh," akasema bibi. "Yeye alijisikia akitamka. Mie sikumsikia. Moyo wangu haujatulia."

Kadhi akatafakari kidogo. "Basi, kwa kuondoa shaka, fungeni tena. Haidhuru kitu."

"Na mahari?" akauliza bibi.

"Na mahari, bila ya shaka."

Ndipo nilipomwona akitabasamu, mara ya kwanza tangu asubuhi. Lilikuwa tabasamu la msichana aliyeulizwa anataka nini sikukuu.

Alichotaka ni viatu vya mchuchumio. Alikuwa ameviona miguuni mwa biharusi mmoja, vyekundu, kisigino kirefu, na hajapata kuvisahau. Maisha yake yote alivaa ndara na makubadhi. "Mara ya kwanza nliolewa na baba ndiye aliyesema mahari," aliniambia. "Mara hii nasema mwenyewe."

Siku zile maduka ya Darajani yalikuwa na rafu nyingi na vitu vichache. Viatu vya mchuchumio vya miguu mipana vilikuwa ni ndoto. Bwana yule alizunguka mji mzima, na mimi, kila nitokapo kazini, nazunguka naye, maana bibi alikuwa amenifanya somo wake, kungwi wa biharusi, ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake. Mwishowe tukampata fundi viatu mmoja Mkunazini, akasema atavishona mwenyewe ikiwa atapata ngozi na mtu wa kumchongea visigino. Ngozi ilitoka kwenye mto wa kukalia wa nyumbani kwetu. Mama alipoambiwa ni kwa ajili ya nini alicheka mpaka akaleta na mkasi. Visigino alivichonga seremala wa milango, naye hakuweza kujizuia, akavitia maua madogo kama ya kizingiti.

Muda huo wote wachumba hawakukaa pamoja. Bibi alishikilia hivyo. Mzee alihamia kwa rafiki yake mtaa wa pili, na kila asubuhi nilipokwenda kazini nilipitishwa na birika la chai nimpelekee. Siku ya kwanza aliipokea kwa manung'uniko. Siku ya pili aliuliza, "Hajambo?" Baada ya hapo alikuwa ananingoja mlangoni amejipaka uturi, na ndani ya birika tupu ananirudishia maua ya asumini. Bibi aliyatoa moja moja, akayanusa, akaniuliza mzee amevaa nini, amekonda au vipi, amesema nini. "Mwambie birika linanuka asumini, chai haitanyweka," aliniambia, na kesho yake alininyooshea birika lile lile akichungulia nyuma yangu kama mzee yumo uchochoroni. Nami nikafika Vuga nimechelewa, naimba.

"Wale wazee?" Bwana Muhuri aliuliza bila ya kuinua macho.

"Wale wazee, bwana."

"Haya. Endelea."

Walii wa kumwoza bibi alikuwa kaka yake, mvuvi mzee kutoka Tumbatu, ambaye alishuka na kikapu cha pweza mkavu na hamaki ya kujitakia. "Mtu huyu tushamwoza mara moja!" alisema mbele ya watu wote uani. "Hamjamchoka? Na mie yule samaki nlimla, kwa taarifa yenu. Mama alinipa kichwa." Kwa hiyo hata samaki akapata shahidi, na mzee akataka aulizwe alikuwa changu au nguru, kaka akasema, "Alikuwa mtamu."

Nikaha ilikuwa Alhamisi baada ya alasiri, kwenye uwa wa kibanda chao chenye alama ya chokaa. Mtaa mzima ulikuja. Nusu ya majirani walikuwa wameshafunga vyombo vyao tayari kuhama, kwa hivyo masufuria yaliazimwa kutoka kwenye magunia na mikeka ikafunguliwa upya. Nilimtia bibi hina kwa mkono wangu, vibaya, kwa sababu hakutulia. Bwana Muhuri alikuja na koti lake, akakaa pembeni na wanaume kama mgeni wa kawaida.

Kadhi alituma mtu aje dirishani kumwuliza biharusi kama ameridhia. Msichana mwari akinyamaza inatosha, kimya chake ndiyo idhini. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa lazima atamke. Tukangoja. Bibi, ndani ya chumba, ameketi kitandani na viatu vyekundu miguuni havigusi chini, akanyamaza.

"Bibi, umeridhia?" mtu akauliza tena.

Kimya. Wanawake wakaanza kupigana vikumbo.

"Bibi!"

"Ngojeni nifikiri," akasema.

Nje nikamsikia mzee, sauti yake imepasuka kama ya kijana, "Anafikiri nini?"

"Anafikiri samaki!" akapiga kelele mmoja wetu, na chumba kizima kikaanguka. Kulikuwa na wanawake wanalia, wengine wamejilaza juu ya magunia, mmoja anagonga ukuta kwa kiganja mpaka udongo unamwagika. Mie nilikuwa sakafuni. Bibi peke yake ndiye hakucheka. Alingoja tutulie, kisha akasema kwa sauti ya wazi, iliyofika mpaka nje, "Nimeridhia."

Kaka yake alipoanza maneno ya kuoza alishikwa na kicheko katikati, ikabidi kadhi amwanzishe upya. Mara ya pili akafika mwisho. Mzee akajibu, "Nimekubali kumwoa," haraka, kama anayeogopa mtu asije akamtangulia. Vigelegele vikapanda. Nilichungulia dirishani nikamwona amefunika uso kwa viganja vyote viwili, na Bwana Muhuri amemwekea mkono begani.

Jumamosi walikuja ofisini. Tulipiga hati nyingine, fupi, kwamba wameoana Alhamisi iliyopita mbele ya mashahidi wafuatao. Bibi aliisikiliza mpaka mwisho, akatia udhu, akaweka mkono wenye hina juu ya msahafu, akaapa neno kwa neno bila ya kusita. Muhuri ukashuka. Karani wa nyumba, walivyonisimulia, aliisoma karatasi, akawatazama, akaisoma tena.

"Maharusi?" akauliza.

"Maharusi," akasema mzee.

"Basi hongereni. Mnataka chini au juu?"

"Juu," akasema bibi, kabla mumewe hajafungua mdomo.

Walipohamia walitualika, mimi na Bwana Muhuri. Nyumba ilinuka saruji mbichi na chokaa. Bibi alinionyesha bomba la jikoni, akalifungua na kulifunga, akalifungua tena, maji yakamrukia, akapiga kelele kwa furaha. Alinisimamisha kwenye roshani nione mabati ya Ng'ambo yote kwa chini, na watu wadogo wanapita mchangani. Kuku wake watatu alikuwa amewapandisha nao ghorofani. Hakuona sababu ya kuwaacha.

Tulikuwa tumekaa mkekani, sahani ya pilau imewekwa katikati, ndipo kuku mmoja akapanda juu ya ukingo wa roshani, akatazama kulia na kushoto, akaruka.

"Mtetea wangu!" bibi akapiga ukelele.

Tulishuka ngazi sote kwa mkupuo mmoja, mzee na kanzu ameikunja magotini, mie na buibui limenitoka kichwani, bibi nyuma yetu na viatu mkononi, na milango ya kila ghorofa inafunguka watu wanauliza kuna nini na wanajiunga bila ya kungoja jawabu. Kuku alikuwa ameshuka salama kama ndege, anakimbia baina ya marundo ya mchanga. Mafundi wakaacha machepe yao. Watu walimzingira upande huu akatokea upande ule. Kisha nikamwona Bwana Muhuri. Alikuwa ametushinda wote mbio, koti linapepea, kofia ameishika mkono mmoja, na akajitupa, mtu mzima yule, kwa kifua, juu ya rundo la mchanga.

Alipoinuka alikuwa na mchanga mpaka kwenye nyusi na kuku kwapani. Umati ukapiga makofi. Akajipangusa, akavaa kofia yake sawasawa, akamkabidhi bibi kuku wake kwa mikono miwili.

"Pilau itapoa," akasema, akatangulia kupanda ngazi.